Barua kwa mwanangu: Mkono unaotoa Chakula cha Bwana

Kilolo, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako niliisoma jana jioni kando ya moto, maana baridi ya Julai huku kwetu ni kali, na asubuhi nikairudia. Unaniambia kwamba usharika wako huko Mbeya umeletewa mchungaji mwanamke, kwamba wazee wawili wa kanisa wanataka mkuu wa jimbo amhamishe, na kwamba wamekuletea barua yao uitie saini, pamoja na andiko la 1 Timotheo 2:12. Kisha unauliza: "Mama, nikipokea Chakula cha Bwana mkononi mwake, nitakuwa nimepokea kweli?"

Utakuwa umepokea kweli, mwanangu.

Andiko lenyewe sitalikwepa. Paulo anamwandikia Timotheo, aliyekuwa Efeso, kwamba hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha wala kumtawala mwanamume. Ni maneno mazito, na anayeyashika kwa uchaji simhesabu kuwa adui. Lakini fungua Matendo 18 uone yaliyotokea katika mji huohuo wa Efeso: Apolo, mtu hodari katika Maandiko, alikuwa akifundisha huku akiujua ubatizo wa Yohana tu, ndipo Prisila na mumewe Akila wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Paulo hakumkemea mama yule. Katika Warumi 16 anamwita, yeye na mumewe, watenda kazi pamoja naye. Sura hiyo inaanza na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na neno la Kigiriki lililoandikwa hapo, diakonos, ndilo Paulo analolitumia juu yake mwenyewe na Apolo katika 1 Wakorintho 3. Kwa kuwa waraka kwa Timotheo unafunguliwa kwa onyo juu ya wafundishao mafundisho mengine, mimi naliona katazo lile kuwa dawa ya ugonjwa uliokuwa Efeso wakati ule, wala sioni kwamba Paulo alilikusudia kwa kila madhabahu na kila kizazi.

Kuhusu sakramenti, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo sisi Walutheri tunalikiri, linasema katika kifungu cha 8 kwamba sakramenti zina nguvu kwa sababu ya agizo la Kristo, hata zikitolewa na watu waovu. Ikiwa uovu wa mhudumu hauwezi kuubatilisha mkate ule, sioni jinsi uanamke wake utakavyoubatilisha. Kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), liliundwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, na hadi miaka ya 1990 ndipo wanawake walipoanza kubarikiwa kuwa wachungaji. Walingoja muda mrefu, ilhali jumuiya zilikuwa zikisalishwa na wanawake, watoto wakifundishwa nao, na kuku na ndizi za mnada baada ya ibada zikitoka majumbani kwao. Mimi mwenyewe, nilipochaguliwa mzee wa kanisa, katika kikao changu cha kwanza niliombwa nikapike chai wakati bajeti ikijadiliwa. Nilikwenda, na bado inaniuma.

Sasa nikueleze habari ya babu yako, kwa kuwa ulikuwa shule ya bweni na hukuyaona yote. Mchungaji wetu wa kwanza mwanamke alipokuja, babu alikataa kupokea kwake, akawa anavuka bonde hadi usharika wa jirani, na uzee wake ule. Alipougua kifua akashindwa kutembea, mchungaji alikuja kila Alhamisi, akavua viatu vyenye tope mlangoni, akaketi kwenye kigoda na kumsomea Zaburi. Babu aliruhusu kusomewa na kuombewa; mkate aliukataa mpaka mwisho. Hakubadilika, nami sitakudanganya kwamba alibadilika. Tulimzika mwezi Machi, mvua ikinyesha, alba ya mchungaji, kanzu yake nyeupe ya ibada, ikiwa imelowa udongo mwekundu hadi magotini, na aliyemshikia mwavuli ili kitabu cha ibada kisilowe ni mzee yuleyule aliyekuwa akivuka bonde pamoja na babu. Mchungaji alichota udongo kwa mkono wake mara tatu, akautupa kaburini na kutamka maneno ya maziko bila kukosea hata moja. Niliyemlilia pale alikuwa baba yangu, na aliyemzika alikuwa mchungaji wake, apende asipende.

Basi Jumapili nenda mezani. Barua ya wazee irudishe bila saini, na uwaeleze sababu kwa upole, kwa kuwa ni wakubwa zako na huenda wanaogopa kumkosea Mungu. Jambo jingine: mwite Mchungaji. Jina la "mama mchungaji" tumelizoea kwa mke wa mchungaji, na nimesikia watu wakimpa mwanamke aliyebarikiwa kana kwamba kazi ile ni ya mumewe.

Oktoba, nikishauza viazi, nitapanda basi nije kwako. Ukisikia Jumapili ipi atatoa Chakula cha Bwana, niandikie mapema nipange safari, twende mezani pamoja.

Mama yako akupendaye