Kabla ya Kudai Filibasta Ifutwe, Hesabu Kura za Siku Mtakayoshindwa

Kwa miaka kadhaa nimejitolea katika chama cha wahamiaji hapa Marekani, nikiwaandaa wenzangu wanaokwenda kuonana na wasaidizi wa maseneta. Swali linalojirudia ni moja: ikiwa chama kina maseneta 51 kati ya 100, kwa nini mswada wake hukwama? Sababu ni filibasta, kanuni inayowawezesha walio wachache kuzuia mjadala usifungwe, na hivyo mswada usipigiwe kura ya mwisho, hadi zipatikane kura 60. Ushauri wangu ni kwamba usimpime seneta kwa jinsi anavyoisifu au kuilaani kanuni hiyo. Tazama chama chake kinataka kupitisha nini leo, na kinaogopa wapinzani wake watapitisha nini wakishika hatamu.

Anza na yale yasiyohitaji tena kura 60. Novemba 2013, Wademocrat chini ya kiongozi wao wa Seneti, Harry Reid, waliliondoa sharti hilo kwa wateule wa serikali na majaji wote isipokuwa wa Mahakama ya Juu. Aprili 2017, Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, akaliondoa hata kwa Mahakama ya Juu ili Neil Gorsuch, mteule wa Rais Trump, apite, na mwaka uliofuata mteule mwingine, Brett Kavanaugh, akathibitishwa kwa kura 50 dhidi ya 48. Punguzo la kodi la 2017 nalo lilipitia utaratibu maalumu wa bajeti, ambao huridhika na wingi wa kawaida. Kwa hiyo McConnell alipokataa shinikizo la Rais Trump la kuifuta filibasta kwa miswada, naamini alipiga hesabu vizuri: majaji na kodi alikwisha kuvipata bila kura 60, na sharti hilo lilikuwa kinga yake dhidi ya sheria ambazo Wademocrat wangezileta. Sisi wahamiaji hatuna mlango huo wa bajeti. Mwaka 2021 Wademocrat walijaribu kuyaingiza masuala yetu humo, na mshauri wa kanuni za Seneti akayakataa mara tatu.

Mfano ninaowapa wenzangu kila mara ni wa Desemba 2010. Mswada wa kuwafungulia njia ya uraia vijana walioletwa Marekani utotoni bila vibali ulikwisha kupita katika Baraza la Wawakilishi. Katika Seneti, 55 walitaka mjadala ufungwe na 41 walikataa, mswada ukafa. Wanne hawakupiga kura kabisa, lakini kwa kuwa kanuni inadai tatu ya tano ya maseneta wote, si ya waliohudhuria, kutokuwepo kwao kulikuwa na uzito uleule wa kupinga. Mwaka 1957 Seneta Strom Thurmond alilazimika kusimama na kuzungumza kwa zaidi ya saa 24 akipinga haki za kiraia, ilhali mpinzani wa leo anaweza kukaa nyumbani. Nawafahamu watu waliokuwa vijana wakati ule, ambao sasa wana watoto na bado wanahuisha vibali vya muda. Inaniuma.

Hata hivyo, siwashauri wenzangu wadai filibasta ifutwe yote, kwa sababu kura 51 ambazo zingetupa uraia ndizo zingeweza kuufuta uraia huo, matokeo ya uchaguzi yakigeuka. Dai lenye busara zaidi ni kuuhamisha mzigo: wanaozuia mswada ndio walete kura 41 ukumbini, tena wazungumze hadharani.

Jihadharini pia na wanaojificha nyuma ya wenzao. Januari 2022, hoja ya kubadilisha kanuni kwa ajili ya miswada ya haki ya kupiga kura ilishindwa kwa kura 52 dhidi ya 48, na lawama zote zikawaangukia Joe Manchin na Kyrsten Sinema, Wademocrat wawili walioipinga. Lakini mwaka 2017 maseneta 61 wa vyama vyote viwili walikuwa wametia saini barua ya kuitetea filibasta, na baadhi ya Wademocrat waliotia saini ndio hao walioipigia kura hoja ya 2022. Basi mkiambiwa kwamba seneta anaheshimu mila za Seneti, msiondoke. Ombeni jibu la maandishi kwa maswali mawili: kura ya mwisho ikibaki mikononi mwake, ataipigaje, na je, angeipiga vivyo hivyo kama chama chake kingekuwa cha walio wachache?