Kwa mnaoanza kuotesha musenda nyumbani hapa Mwanza

Ndugu zangu mnaoanza, naona wengi mnaulizia musenda, ule mti mdogo wa maua ya bustani, ile ya pinki inayofunika kichaka kizima rangi, na wengi mnasema kila tawi mnalochomeka linakauka. Ukipita kwenye vitalu vya hapa mjini bogenvilia na hibiskasi ni za kumwaga ila musenda ya pinki ni ya kubahatisha, na sababu ipo: hizi za pinki ni chotara, zilitengenezwa Ufilipino kwa kuchanganya musenda nyeupe ya kule na ile nyekundu ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika, na mbegu za kupanda hupati, kwa hiyo kila mche unaouona umetoka kwenye tawi la mwenzake.

Sasa elewa hili kwanza. Tawi ukishalikata halina pa kunywea lakini majani bado yanapumua maji nje, na musenda inachelewa kutoa mizizi, wiki 4 mpaka 8, kwa hiyo linakufa kwa kiu hata kama udongo umelowa chapachapa. Watu wakiona limenyauka wanaongeza maji, chini panaoza, basi imeisha. Unyevu unaotakiwa ni wa hewa, sio wa udongo.

Tawi chukua lililoanza kukomaa, sio lile bichi la kijani la nchani wala lile gumu la kahawia, ukilipinda liwe linakataa kidogo, unene kama penseli, na lisiwe na maua. Kata asubuhi mapema, urefu wa sentimita 12 hivi, kisu kipite chini tu ya kifundo, pale jani linapotokea kwenye tawi, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Majani ya chini toa yote, mawili ya juu yakate nusu. Homoni ya mizizi ukiipata duka la pembejeo angalia imeandikwa IBA (ndilo jina la homoni yenyewe) asilimia 0.3, hiyo inafaa matawi ya aina hii, chovya ncha tu kisha kung'uta, ukizidisha inaunguza.

Udongo wa shamba achana nao kwa hatua hii. Mimi naamini mchanga mnene uliooshwa ukachanganywa nusu kwa nusu na pumba za mpunga zilizochomwa, na sisi pumba hatuna shida, mashine za kukoboa zipo kila kona. Zichome ziwe nyeusi tu, zikifika kuwa jivu umeharibu, halafu zisuuze maji mawili matatu. Musenda ni ukoo mmoja na mbuni, inapenda udongo wenye asidi kidogo, kwa hiyo ile tabia yetu ya kumwagia majivu kila mmea hapa hapana kabisa, utaona majani yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani.

Ukishachomeka kwenye kopo lenye mchanganyiko huo, funika na chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa kitako, weka kivulini. Ndani ya chupa asubuhi uone matone, yakiwepo usimwagie. Na msimu uzingatie, anza mvua za Machi au Novemba, ukianza Juni au Julai usiku unapoa na upepo wa kiangazi unakausha kila kitu. Sisi wa milimani tuna bahati moja, jiwe lililopigwa jua mchana linabaki na joto mpaka usiku, kopo likiegemea jiwe upande wa kivuli chini panakaa na joto na mizizi inakuja haraka zaidi.

Tafadhali usiling'oe kuangalia. Kabla ya mizizi, kwenye kidonda panaota vinundu vyeupe vyeupe kama chenga za mchele, ukivuta vinakatika na unaanza upya. Subiri jani jipya lifunguke na likue, maana hata chipukizi peke yake linaweza kuwa linaishi kwa akiba ya tawi.

Kama mama mche unao mwenyewe nyumbani, mimi nakushauri uache kukata kabisa, otesha mizizi tawi likiwa bado juu. Menya ganda kuzunguka tawi upana wa sentimita 2 mpaka 3, kwangua ule utelezi wote maana ukiubakisha ganda linaungana tena, zungushia mboji iliyolowa ukaikamua, funga na nailoni inayoonesha, juu yake foili kuzuia jua. Tawi linaendelea kunywa kwa mama yake muda wote. Miezi miwili hivi au zaidi ukifunua foili utaona mizizi myeupe imejaa kwenye nailoni, ndipo unakata chini yake. Kule Kagera wanaootesha kahawa kwa vikonyo, yaani vipande vya tawi, wanajua shughuli ya kuangalia unyevu, lakini mtu wa nyumbani mwenye ndoo mbili na kazi ya kutwa hii ya kuotesha tawi likiwa juu ya mti inamfaa zaidi.

Kwa waliochomeka matawi, kutoa chupa napo taratibu, fungua kifuniko siku kadhaa, kisha inyanyue saa za jioni tu, kisha usiku kucha, ndipo uitoe. Hamishia kwenye kiriba, ule mfuko wa nailoni wa miche, chenye udongo, mchanga na mboji, kaa nayo kivulini wiki mbili tatu. Ikitoa ua mapema likate, na chunguza chini ya majani, vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe kama pamba, vinapenda sana mche mchanga, vifute na kitambaa chenye maji ya sabuni mapema kabla havijazaana.