Muulize Fundi: Nyumba za baridi za Wainuit

SWALI: Shikamoo Fundi. Binti yangu wa darasa la sita amepewa zoezi la kuchora nyumba ya Wainuit, wenyeji wa kaskazini kabisa huko Alaska, Kanada na Greenland. Amechora kibanda cha theluji, ndani kuna taa. Baba yake anasema taa ingeyeyusha nyumba nzima. Nani yuko sahihi? Na kweli wote walikaa kwenye theluji?
Mama Zuhura, Bagamoyo

JIBU: Marahaba Mama Zuhura. Binti yuko sahihi, taa iliwaka humo. Theluji iliyoshindiliwa na upepo imebana hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi. Joto huyeyusha uso wa ndani kidogo tu, maji yale yanaganda tena, ukuta unazidi kukaza. Mjengaji alisimama ndani, akapanga matofali ya theluji kwa mzunguko unaopanda, kila tofali likiinamia ndani, hadi la mwisho likafunga kilele. Tundu la hewa liliachwa juu.

Lakini nyumba ninayoipenda mimi haimo kwenye zoezi hilo. Walioishi kwenye theluji majira yote ya baridi ni hasa Wainuit wa katikati, upande wa Kanada. Wengi wengine waliitumia safarini tu. Nyumba yao hasa ilikuwa ya mawe na udongo, na mababu zao walijenga hivyo tangu walipotapakaa kutoka Alaska kwenda mashariki, miaka 800 hadi 1,000 iliyopita.

Walichimba kwanza, nusu ya nyumba ikazama ardhini. Sakafu mawe bapa. Kuta mawe na mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi na mizizi yake. Kazi ilikuwa paa, maana miti haioti kule. Alaska waliokota magogo yaliyoletwa na bahari. Penginepo walisimamisha taya na mbavu za nyangumi. Nimetengeneza nyumba nyingi za mawe hapa Tanga, na upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kwao mkoko ulikuwa nyangumi. Juu ya mifupa ngozi, juu ya ngozi udongo wa nyasi.

Sasa mlango, Mama Zuhura. Huo ndio ufundi wenyewe! Waliingia kwa kutambaa kwenye ushoroba mrefu ambao sakafu yake iko chini kuliko ya chumba. Hewa baridi ni nzito, inabaki kule chini. Yenye joto inapanda. Ndiyo maana walilala juu ya baraza iliyoinuliwa upande wa nyuma, imetandikwa ngozi. Hapana bawaba wala komeo, ni kimo tu kinachofanya kazi. Na taa ya jiwe, qulliq, iliyochomwa kwa mafuta ya sili, mnyama wa bahari za baridi, na kutunzwa na mwanamke wa nyumba, iliwapa mwanga, ikapika, ikakausha nguo.

Mwambie binti achore nyumba hiyo kando ya ile ya theluji, aioneshe kama iliyopasuliwa ubavuni ili ushoroba uonekane. Dirisha alitie juu ya mlango: lilikuwa utumbo wa sili ulioshonwa, unapitisha mwanga. Karatasi ikitosha aongeze hema la ngozi, maana kiangazi familia ilihamia humo, na sehemu nyingi waliifunua paa nyumba ya udongo ili ndani pakauke.