Mtoa mada, hicho kiinua mgongo kiache benki

Nimesoma uzi wako mara mbili kuhakikisha si mimi niliyeuandika usingizini. Jeshi, kisha zimamoto, unastaafu Juni, unautaka udiwani wa kata yenu. Halafu ile sentensi: "natenga milioni 15 za kiinua mgongo niwaweke wajumbe sawa." Hapo chai ikanipalia.

Umuweke sawa nani?

Nimetokea huko huko. JKT, jeshi, kisha zimamoto tangu enzi tuko chini ya halmashauri, kabla ya ile sheria ya 2007 iliyoanzisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nikastaafu, na 2020 nikachukua fomu ya kura za maoni, zile za ndani ya chama ambapo wajumbe wanachagua nani agombee. Chama sikitaji. Kijana mmoja wa mtaani akajitokeza kuwa mpambe wangu. Anaongea huyo! Alikuja na kaunta buku, majina ya wajumbe 112, mengi yamewekwa vema. "Mzee, 70 hawa wako mfukoni, imebaki nauli tu."

Nauli. Wiki ya kwanza nauli, ya pili soda, ya tatu mjumbe kafiwa na mjomba. Nikatoa rambirambi, na Jumamosi nikamkuta marehemu sokoni anachagua dagaa. Hata hapo sikushtuka! Nilijua fika kwamba takrima, ule mtindo wa kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu iliibatilisha tangu 2006, ila mimi sikuiita takrima, nilikuwa "nawezesha mkutano". Nashukuru TAKUKURU hawakupita, maana ningejieleza kwa daftari la nani?

Jumla ilitoka milioni 23. Dhamana ya kisheria ya mgombea udiwani ilikuwa shilingi 5,000, na hata hatua ya kuilipa sikuifikia.

Siku ya kura wakanipigia makofi, wakaniita kamanda, mama mmoja akanitunza kanga. Kura 7. Mke wangu ni mjumbe, kwa hiyo tuseme 6. (Anasema alinipigia. Sijachimba zaidi.) Nimeingia kwenye nyumba zinazowaka miaka yote ile, na moto angalau unatanguliza moshi. Mjumbe hana moshi, mkuu. Mwaka ule nchi nzima inataniana "wajumbe si watu", mimi niko chumbani nimegeukia ukutani.

Na yule mpambe? Wiki iliyofuata yuko kwa mshindi, kaunta buku lile lile kwapani. Kumbe alikuwa analitembeza kwa wagombea watatu. Nimeshamsamehe. Naongopa, sijamsamehe.

Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Posho ya diwani wakati ule ilikuwa 350,000 kwa mwezi. Zidisha miezi 60: milioni 21. Yaani ukiacha posho za vikao, hata ningeshinda ningekula hasara ya milioni 2. Mtu mzima, lita za maji kwa dakika nazijua kichwani, hii ikanishinda.

Kinachouma zaidi ni kwamba hoja nilikuwa nayo. Ukumbini mjumbe alisimama akauliza, "Kamanda, leo umekuja na maji?" Watu wakavunjika mbavu. Pale pale ningewaambia haidranti (mabomba ya barabarani ya kujazia magari ya zimamoto) za kata yetu ziko wapi, ipi imefukiwa, ipi imejengewa kibanda juu yake, na kwa nini gari letu lilikuwa linakwenda kujaza maji mbali wakati maduka yanateketea. Hiyo ni kazi ya diwani kabisa! Mimi nikamtuma kijana akaongeze soda.

Sisi wa kambini watu wanatujua kwa magwanda tu. Mwenzako amezika nao miaka 20. Vua hayo magwanda, kaa mtaani, nenda misibani kwa miguu, wafundishe akina mama kuzima moto wa mtungi wa gesi na kupiga 114 mapema. Hiyo haitaki milioni 15. Hela weka mahali ambapo haitoki bila mama watoto kusaini. Isiguswe. Mpambe akija na daftari, mwambie aliache mezani, arudi baada ya uchaguzi.

Uliuliza kama unaweza kugombea bila chama. Huwezi. Marehemu Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa, aliidai haki hiyo akaishinda serikali kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha, 2013, na mgombea binafsi mpaka leo hayupo. Kulikuwa na maswali mengine mawili, la fomu na sijui lipi, wakuu wengine watakujibu. Kuku wangu hawajala, na ndio kiinua mgongo kilichobaki.