Jibu: Miche ya nyanya inarefuka na kulala

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba miche yako ya nyanya, uliyoiotesha dirishani ili uihamishie bustanini majira ya kuchipua yakifika, imerefuka mno na sasa inalala, nawe umekuwa ukiiongezea maji.

Kabla ya jambo lolote, chunguza shina pale linapogusana na udongo. Likiwa la kahawia na limebonyea kana kwamba limefungwa uzi, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Ng'oa mche huo mara moja na upunguze maji, kwa sababu hauponi. Likiwa la kijani kilichofifia na limenyooka kuelekea kioo, tatizo ni mwanga, na maji unayoongeza yanaikaribishia kinyausi.

Mimi nilihangaika na dirisha kwa misimu miwili, nikiigeuza trei kila asubuhi bila mafanikio, hadi nilipotundika taa ya LED ya kawaida kiasi cha sentimita 10 juu ya majani na kuiwasha saa 14 hadi 16 kwa siku, nikiipandisha kadiri miche ilivyokua. Miche iliyokwisha kurefuka usiitupe: ihamishie kwenye vikopo vyenye matundu chini, ukifukia shina hadi karibu na majani ya kwanza, kwani shina la nyanya hutoa mizizi likifukiwa. Mwagilia kwa kuweka maji kwenye sahani chini ya kikopo, na uyamwage yanayobaki baada ya nusu saa.

Pilipili hoho sijawahi kuzifukia hivyo, kwa hiyo ninazungumzia nyanya tu.