Mbavu za nguruwe zinazoungua nje na kubaki ngumu ndani

Dada, umesema umezipaka asali mwanzoni ukazichoma hadi zikawa nyeusi, ndani ngumu. Ni hiyo asali: sukari huungua kabla nyama haijalainika.

Anza kwa kubandua utando mweupe upande wa mifupa. Shika ncha yake kwa kitambaa kikavu, uvute. Ukiuacha, viungo havipiti na unabaki kutafuna mpira. Kwa kilo 2 tia chumvi vijiko vidogo 2, punje 6 za kitunguu saumu na tangawizi ya kidole kimoja vilivyopondwa, vijiko vikubwa 3 vya mchuzi wa soya, pilipili manga, na ndimu moja tu. Ndimu ikizidi, nyama ya juu inakuwa tepetepe. Zilale usiku kucha kwenye friji, kamwe si mezani.

Oveni si lazima. Sufuria nzito, kikombe kimoja cha maji, mfuniko uliobana, moto mdogo wa sigiri kwa saa moja na nusu hadi mbili. Ongeza maji yakikauka. Nyama ikishajivuta kama sentimita moja kutoka ncha ya mfupa, ndipo upake asali na kuchoma juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, dakika 5 kila upande.