Jibu kwa aliyeuliza: mafaili yote yameongezewa .gero mwishoni, nilipe?

Mkuu, usilipe kwanza. Kama picha zako zote zimeota .gero na kila folda lina _readme.txt, huyo ni STOP, wengine humwita Djvu, kirusi kinachofunga mafaili kisha kudai pesa ya kuyafungua. Mwaka 2019 aliingia kwenye kompyuta ya steshenari yangu, na mlango nilimfungulia mwenyewe. Nilishusha kraki (kifaili cha kutumia programu ya kulipia bila kulipa) ya programu ya kuhariri picha, antivairasi ikapiga kelele, nikaizima kama maelekezo ya kraki yalivyotaka.

Likatokea dirisha la Windows Update, asilimia zinapanda taratibu. Nikaenda kunywa chai. Kumbe lile dirisha ni geresha tu, nyuma yake mafaili yanafungwa moja baada ya jingine. Narudi, paspoti saizi za wateja zote zimegeuka vikaratasi vyeupe. Barua inadai dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72.

Sasa sikiliza hapa. Akishaingia hutafuta seva ya wenye naye apewe ufunguo wa kufungia mafaili. Akiupata, huo ni wa mashine yako peke yake, na kuyafungua mafaili ni shughuli. Akiikosa seva, tuseme bando limekata, hutumia ufunguo aliokuja nao, ambao wengi walioshambuliwa na toleo hilo wanao huohuo. Huo ukishajulikana, programu ya bure ya Emsisoft, kampuni ya antivairasi, inafungua.

Tena ana haraka: kwenye kila faili hufunga kama KB 150 za mwanzo tu. Ndiyo maana video yangu ya harusi ya GB 2 ilitengenezeka kwa programu ya kurekebisha video, nilipoipa video nzima ya kamera ileile iige. Picha ndogo hazikupona.

Dalili nyingine: tovuti za antivairasi hazifunguki ilhali nyingine zinafunguka, maana amechezea faili la hosts, ambalo Windows huliangalia kujua tovuti iko wapi. Kwenye Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows, utakuta "Time Trigger Task", inayomwamsha tena na tena. Kwa hiyo usichomeke fleshi, itafungwa nayo. Na badilisha nywila kwa simu, mara nyingi huja na mwizi wa nywila kama AZORult.

Fundi asikukimbilize kupiga Windows upya kabla hujanakili mafaili yaliyofungwa pamoja na C:\SystemID\PersonalID.txt. Lifungue hilo uone ID zilizomo. Kuna inayoishia na t1? Hiyo ni ya ule ufunguo aliokuja nao.